Jibu: Ziara ya mji wa kale kwa wageni wa mkutano
Ndugu, umeuliza kama mwongoza watalii mmoja atatosha kwa wageni 60 wa mkutano, na kama ziara iwe siku ya mwisho. Mmoja hatoshi kabisa. Vichochoro vya miji ya kale ni vyembamba. Walio nyuma hawasikii kitu, wanaanza kupiga picha, kisha wanapotea. Wagawe makundi ya watu 15 hadi 20, kila kundi na mwongozaji wake, na yaanzie sehemu tofauti yasije yakarundikana kwenye mlango mmoja. Tafuta wanaojua kusimulia, si wa kukariri miaka tu. Wageni wa aina hii huuliza maswali mazito, na huo ndio utamu wa ziara yenyewe.

Siku ya mwisho siipendi: wengi mawazo yao yameshafika uwanja wa ndege. Weka mchana wa katikati ya mkutano, ili waliokaa kimya ukumbini wafahamiane njiani. Ikiangukia Jumatatu, hakikisha kwanza, maana makumbusho mengi hufungwa siku hiyo. Basi kubwa mara nyingi haliingii ndani, kwa hiyo waambie mapema wavae viatu vya kutembea, na uulizie njia ya wasioweza kupanda ngazi.