Usigawe pointi sawasawa

Juzi mdogo wangu wa kike kafungua Disco Elysium kwenye laptopu yangu kwa mara ya kwanza, akafika pale pa kugawa pointi, akanigeukia: "Kaka, niweke wapi?" Nikaanza kumuelezea, nikaelezea weee, mpaka chai ikapoa na bado hajabonyeza kitu. Nikaona bora niyaandike haya mambo, maana mimi hakuna aliyeniambia na mara yangu ya kwanza nilicheza gemu nzima nikiwa nimeianza vibaya.

Kwa asiyeijua, ni gemu ya 2019, imetengenezwa na ZA/UM, kundi lililoanzia Estonia, na haina mapigano ya kawaida yale ya kubonyeza mpaka adui afe. Wewe ni mpelelezi wa polisi, umeamka hoi kwa pombe, umesahau mpaka jina lako, nje nyuma ya jengo kuna maiti inaning'inia kwenye mti na ndiyo kesi yako. Kila kitu kinaenda kwa kuongea. Unaongea na watu, na unaongea na kichwa chako mwenyewe.

Sasa pale mwanzo unapewa pointi 12 uzigawe kwenye mafungu manne. Intellect ni akili, Psyche ni mambo ya moyo na hisia, Physique ni mwili, Motorics ni wepesi wa mikono, macho na masikio. Kila fungu lina ujuzi 6, jumla 24. Mimi nikaweka 3, 3, 3, 3. Nilijiambia huyu ni mpelelezi, inabidi awe na kila kitu kidogo kidogo ili asikwame popote, na nadhani wengi wanafikiria hivyo hivyo kwa sababu kwenye magemu mengine tumezoea kwamba udhaifu ni kitu cha kuziba.

Nikaimaliza, sikukwama. Ila nilikuwa namsikia kila mtu kichwani kwa sauti ndogo na hakuna hata mmoja aliyenishika mkono akanipeleka mahali. Na hapa ndipo penye siri ya gemu hii ambayo ningependa uijue kabla hujabonyeza chochote: ule ujuzi siyo namba tu, kila mmoja ni mtu anayekusemesha. Kuna mitihani, yaani pale gemu inapopima kama ujuzi wako unatosha, ambayo huioni kabisa, hairushwi dadu, gemu inaangalia tu namba yako kimyakimya, ikitosha basi huo ujuzi unaingilia mazungumzo na kukwambia kitu, isipotosha hakuna kinachotokea na wala hutajua umekosa nini. Empathy inakwambia huyu mama anatabasamu lakini ana huzuni. Logic inakwambia hii saa aliyoitaja haiendani na ile ya jana. Inland Empire, ujuzi wa njozi, ikiwa juu, tai yako mwenyewe ya shingoni inaanza kuongea na wewe, na yule maiti pia. Kwa hiyo unapogawa pointi usijiulize nitafaulu wapi, jiulize nataka kumsikia nani kwa masaa thelathini yanayokuja.

Mara ya pili nikaweka Psyche 6, Intellect 3, Motorics 2, Physique 1. Ilikuwa kama gemu nyingine kabisa, nasema kweli. Nilikuwa naingia chumbani na tayari najua nani anamuogopa nani. Lakini pia niliumia, na hili niliseme wazi kwa sababu watu wanaosifia namba kubwa huwa hawalisemi: hayo mafungu hayabadilishwi tena mpaka mwisho, na ndiyo yanayoweka kikomo cha pointi ngapi unaweza kuongeza kwenye kila ujuzi wa fungu hilo. Ukiweka 1 umefunga mlango, kuna mawazo fulani, yale mpelelezi anayoyakusanya na kuyatafakari kichwani, yanaweza kuufungua kidogo baadaye lakini usiyategemee. Na mimi sikujua kwamba Shivers, ile sauti ya mji wenyewe, upepo na mvua ya Revachol vikikuongelesha, iko kwenye fungu la mwili. Nilidhani mwili ni ngumi tu. Nikaja kuisikia mara ya tatu na nikasikitika kwa kile nilichokikosa. Kwa hiyo soma maelezo ya ujuzi wote 24 kabla hujaamua, yote, hata kama unaona uvivu.

Halafu mwili 1 una hatari ya kweli. Mwanzo kabisa, chumbani, kuna tai inazunguka kwenye feni ya dari. Ukijaribu kuinyakua ukashindwa unapoteza afya kidogo, na afya yako inatokana na Endurance, ujuzi wa ustahimilivu kwenye fungu la mwili, sasa kama ni 1 ina maana una afya 1. Moyo unasimama, gemu imekwisha, bado hujavaa hata suruali. Ndiyo dakika ya tatu hiyo. Ukienda na mwili 1, iache hiyo tai ukutane nayo baadaye ukiwa umejiandaa.

Tuje kwenye dadu, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndiyo sehemu iliyobadilisha uchezaji wangu kuliko zote. Mitihani unayoiona, yenye rangi, inarushwa dadu mbili za kawaida, zile za pande sita, unajumlisha na namba ya ujuzi wako, halafu unalinganisha na ugumu wa mtihani. Sita mbili ni kufaulu hata iweje, moja mbili ni kufeli hata iweje. Sasa dadu mbili hazina tabia ya dadu moja. Zinapenda katikati. Ukihitaji zilete 8 au zaidi una nafasi ya asilimia 42, ukiongeza pointi moja tu ukawa unahitaji 7 inaruka mpaka 58. Yaani pointi moja imekupa asilimia 16. Lakini ukiwa unahitaji 12, una asilimia 3, ukiongeza pointi moja inakuwa 8 tu. Pointi ni ile ile, bei ni ile ile, faida tofauti kabisa. Kwa hiyo usihangaike kuongeza pointi kwenye kitu ambacho umekipoteza mbali, peleka pointi kule ambako uko nusu kwa nusu, ndiko inakolipa. Huu ndio ushauri ambao natamani ningepewa 2020 nilipoanza.

Mitihani iko ya aina mbili. Nyeupe unaweza kurudia, nyekundu ni mara moja basi. Nyeupe ukifeli inajifunga, na inafunguka tena ukiongeza pointi kwenye ujuzi ule ule, au ukipata habari mpya inayokusaidia. Sasa wengi wakipata pointi, na unapata moja kila ukifikisha uzoefu wa 100, wanaitumia hapo hapo, mkono unawasha. Usifanye hivyo. Weka pointi moja mfukoni siku zote, ile ya akiba, ili ukifeli mtihani mweupe unaoutaka sana uufungue saa hiyo hiyo bila kusubiri nusu siku ya gemu. Na kabla hujabonyeza, peleka mshale juu ya lile chaguo ukae nalo kidogo: utaona asilimia zako na kila kinachokuongezea na kinachokupunguzia. Nguo zinahesabika. Ukiwa na koti linaloongeza 1 kwenye ujuzi husika, toka kwenye mazungumzo, vaa, rudi. Hakuna ubaya wowote, ni sawa na mtu anayechomeka shati kabla ya intavyuu.

Nyekundu hazina akiba. Kule mwishoni kuna tukio kubwa, silisemi kwa ambao hawajafika, ambalo mitihani yake myekundu inategemea sana mambo uliyofanya au kutofanya siku zilizopita, ulimwamini nani, uliongea na nani ukapata nini. Namba yako peke yake haitakuokoa pale.

Na hapa inabidi niongelee tabia ya kulodi. Nilikuwa nayo mbaya sana. Nafeli, narudi nyuma, narusha tena, mpaka nifaulu. Kuna pale meneja wa ile hosteli anakudai riali 130 na huna hela, moja ya njia ni kukimbia. Nikakimbia nikafeli, nikalodi. Safari hii na mdogo wangu naye akafeli, mkono wangu ukaenda kwenye kibodi, akanizuia, "Acha tuone." Basi tukaona. Huyo mpelelezi anaruka kinyumenyume huku anamwonyesha meneja vidole, haangalii anakokwenda, anakuja kuanguka kwa bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mdogo wangu alifunika uso kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo nilikuwa naliruka tukio hilo kwa sababu niliona neno la kushindwa nikaogopa. Waandishi wameandika kushindwa kwa bidii ile ile waliyoandika kufaulu, wakati mwingine zaidi, na ukilodi kila mara unasoma nusu ya gemu. Sevu kwa ajili ya umeme kukatika, hilo sawa kabisa, hata kila dakika kumi. Usisevu kwa ajili ya dadu.

Ila usichukue haya yote ukayapeleka kwenye gemu nyingine kama yalivyo, maana kila moja ina hesabu yake. Baldur's Gate 3, ile ya Larian iliyotoka 2023, inarusha dadu moja ya pande 20. Dadu moja haina katikati, kila pointi ni asilimia 5, iwe unahitaji 8 au 18. Tuseme ugumu ni 15, una mvuto (Charisma) wa 16 ambao unakupa nyongeza ya 3, na umesomea kushawishi ukiwa mwanzo inakupa 2 nyingine, unahitaji dadu ilete 10, hiyo ni asilimia 55. Mpiganaji mwenye mvuto wa 8 ambaye hakusomea, mtihani ule ule ana asilimia 25. Sasa kasisi wako akiwa karibu na ana ile dua ya Guidance, inakuongezea dadu ya pande nne, na yule mwenye 55 anapanda mpaka kama 67. Bure kabisa, haiishi. Nimeona watu wanamaliza gemu hawajawahi kuitumia, inaniuma.

Kosa kubwa kule siyo kugawa pointi, ni nani anaongea. Aliyeanzisha mazungumzo ndiye anayefanya mitihani yote mpaka yaishe, huwezi kumwambia mwenzako msemaji mzuri njoo hapa. Kwa hiyo anayetangulia njiani awe ndiye mwenye mdomo. Mimi namtengeneza Bard, yaani malenga, na sitaki kubishana na mtu juu ya hili: mvuto ndio silaha yake, na kuanzia levo ya 2 anapata kitu kidogo hata kwenye mambo ambayo hakusomea. Halafu ukikosea huku kuna msamaha, yule mzee Withers kambini anakubadilishia kila kitu kwa dhahabu 100. Kwa hiyo jaribu bila hofu.

Fallout: New Vegas ya 2010 yenyewe haina dadu kwenye mazungumzo hata kidogo. Namba yako inatosha au haitoshi, na inakuonyesha waziwazi. Kule mwenye 24 kwenye mtihani wa 25 ni sawa na mwenye sifuri. Ila ukikaribia, majarida ya ujuzi yanakupa 10 kwa muda mfupi, yatunze kwa saa kama hiyo. Na usirundike kwenye Speech, ujuzi wa ushawishi, peke yake. Kile kijiji cha mwanzo, Goodsprings, kinakufundisha mapema: kabla ya vita na wahuni unaweza kumuomba daktari dawa ukiwa na Medicine 25, muuza duka vifaa kwa Barter 25, mzee wa baruti kwa Explosives 25. Kila mtu anafunguka kwa lugha ya kazi yake, na mimi naona hiyo ni tamu kuliko ushawishi mtupu.

Jambo moja la sisi tunaocheza kwa Kiingereza cha shule. Disco Elysium ina maneno zaidi ya milioni moja na siyo maneno mepesi. Ukiweka Intellect juu, Encyclopedia, ujuzi wa kujua mambo mengi, haikai kimya, inakuletea historia za nchi ambazo hazipo, majina, itikadi, mpaka unachoka hujaanza kazi. Kama lugha bado inakusumbua anza na Psyche au mwili, sentensi zinaongelea watu na maumivu, hizo unazielewa hata ukikosa neno moja moja. Daftari liwe pembeni. La kwangu limejaa, na zaidi ya nusu ya maneno yale sasa nayatumia kazini.

Basi mdogo wangu kaamua mwenyewe. Mwili 5, Psyche 4, Motorics 2, akili 1. Nilitaka kumwambia akili 1 ataumia, nikanyamaza. Jana kafika kwa yule maiti kwenye mti, katapika, kajaribu tena, katapika tena, halafu mvua ikaanza na Shivers ikaongea naye, akaacha kubonyeza akawa anasoma kwa sauti polepole. Pointi yake moja bado iko mfukoni. Amekataa kabisa kuitumia.