Je, wanachama 300 watume maoni yaleyale Brussels?

SWALI: Chama chetu hapa Ubelgiji kinaunganisha wahamiaji wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa na kisukari au shinikizo la damu. Kero yetu kubwa ni kukosa wakalimani hospitalini. Tumesikia kwamba Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachopendekeza sheria, hupokea maoni ya wadau kabla ya kutunga sera za afya. Mwenzetu mmoja anashauri tuandike barua moja, kisha wanachama 300 waitume kila mtu kwa jina lake. Je, njia hiyo ina uzito? Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, barua 300 zinazofanana zitasomwa kama barua moja. Maofisa wa Tume huyatenga majibu yanayolingana neno kwa neno, wakayachambua kama kampeni, kwa sababu mashauriano haya si kura. Mwaka 2010 Tume ilipouliza kuhusu kurekebisha sheria ya bidhaa za tumbaku, yaliingia majibu zaidi ya 85,000, na mengi yalitokana na kampeni zilizoratibiwa, zikiwemo za wauza sigara wa Italia. Wingi huo haukuizuia sheria. Ilipitishwa mwaka 2014, namba 2014/40/EU, na maonyo ya picha na maandishi yakapewa asilimia 65 ya mbele na nyuma ya pakiti ya sigara.

Lakini kuna jambo la kuamua kabla hamjashika kalamu: je, mnayemwomba ana mamlaka? Ibara ya 168 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya inaziachia nchi wanachama uendeshaji wa huduma za afya na mgawanyo wa fedha zake. Tume haiwezi kuiamuru hospitali ya Liège au Antwerp iajiri mkalimani. Kwa Ubelgiji, wizara ya afya ya shirikisho ndiyo inayogharimia wapatanishi wa tamaduni hospitalini, yaani watu wanaowasaidia mgonjwa na daktari kuelewana kwa lugha na mila, wakiwemo wanaofanya kazi kwa video. Ombi la kuongeza Kiswahili lipelekeni huko. Ofisi zote zipo Brussels, kwa hiyo nauli ni ileile, ila mwenye jibu ni tofauti.

Kwa Tume, ligeuzeni jambo lenu liingie kwenye yale inayoweza kuyafanya: sheria za dawa na vifaa tiba, udhibiti wa tumbaku, takwimu za afya, na fedha za EU4Health, programu ya afya ya Umoja wa Ulaya ya 2021–2027. “Tupeni wakalimani” litawekwa kando. “Miradi ya magonjwa sugu inayopata fedha za EU4Health iwe na bajeti ya ukalimani, na itoe takwimu kwa lugha ya mgonjwa” ni pendekezo ambalo ofisa anaweza kulifanyia kazi.

Sasa muda, na hapa ndipo vyama vidogo hupoteza zaidi. Maoni hutolewa kupitia ukurasa wa Tume uitwao Have Your Say. Dirisha la kwanza ni wito wa ushahidi, ambao kwa kawaida huwa wazi kwa wiki 4. Hati yake ni fupi, na inaeleza tatizo na njia zinazofikiriwa. Hufuata mashauriano ya umma, ambayo ni dodoso la wiki 12, ingawa wakati mwingine yote mawili hufunguliwa pamoja. Pendekezo likishapitishwa na Tume, hufunguliwa wiki 8 nyingine za maoni, na rasimu za kanuni ndogo za utekelezaji hupewa wiki 4. Vyama vingi hungoja dodoso. Mimi ningeweka nguvu kwenye wito wa ushahidi, kwa kuwa mara nyingi maswali ya dodoso bado hayajatungwa na tathmini ya athari, yaani uchambuzi wa Tume wa matokeo ya kila njia, bado haijaandikwa. Jambo lisilotajwa hapo mara nyingi halipati hata swali baadaye. Jiandikisheni kupokea taarifa za barua pepe kwa mada mnayoifuatilia, maana wiki 4 hazitoshi kuitisha mkutano wa wanachama, kubishana na kutafsiri.

Mtahitaji akaunti ya EU Login, ya kuingilia tovuti za Umoja. Maoni yaandikwe katika mojawapo ya lugha rasmi 24 za Umoja. Kiswahili hakimo, hivyo chagueni Kifaransa au Kiholanzi, mnachokiandika vizuri zaidi. Kisanduku kinapokea herufi 4,000 pamoja na nafasi, yaani kama maneno 600, na mnaruhusiwa kuambatisha faili. Msimwage yote kwenye kiambatisho. Kisanduku kibebe hoja yenyewe, kiambatisho kibebe ushahidi.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: aya moja ya ninyi ni nani na mnawakilisha watu wangapi, kisha tatizo moja, au mawili kwa kuzidi, ushahidi wake, na mwisho maneno mnayotaka yaingie kwenye sera. Ushahidi si lazima uwe utafiti wa chuo kikuu. Lakini linganisheni sentensi hizi mbili. “Watu wetu wanateseka kwa kutoelewa madaktari.” Na nyingine, ya kubuni: “Kati ya Januari na Machi tuliwahoji wanachama 84 wanaotumia dawa za kisukari, 31 walisema maelezo ya dozi walitafsiriwa na mtoto wao.” Ya pili inaweza kunukuliwa ndani ya ripoti. Semeni mliwapataje waliohojiwa na ni maswali gani mliwauliza. Kama ni wale tu waliofika kwenye mkutano, semeni hivyo, kwa sababu udhaifu uliofichwa ukigunduliwa huangusha na yaliyo sahihi.

Angalizo: viambatisho huchapishwa kama mlivyovituma. Jina la mgonjwa, namba ya faili la hospitali, hata jina la mwandishi lililobaki ndani ya taarifa za PDF, vyote vitaonekana na dunia nzima. Ondoeni kabla ya kupakia.

Jiandikisheni pia kwenye Daftari la Uwazi, orodha ya Umoja ya makundi yanayotaka kushawishi sera zake. Ni bure, mtaeleza bajeti ya mwaka na vyanzo vya fedha, na taarifa huhuishwa kila mwaka. Kujaza dodoso hakulazimishi usajili, lakini kukutana na kamishna kunaulazimisha. Kama mna ufadhili wa kampuni ya dawa, uandikeni wenyewe mapema. Kwa tumbaku hali ni kali zaidi: Umoja wa Ulaya ni mwanachama wa mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, na Ibara ya 5.3 inataka sera zilindwe dhidi ya maslahi ya wafanyabiashara wake.

Na wale wanachama 300? Watumieni kama chanzo cha takwimu. Watatu au wanne wenye mambo tofauti, kwa mfano mwuguzi, mzazi na mgonjwa wa muda mrefu, waandike kivyao kwa maneno yao. Kisha tafuteni chama kikubwa kinachofanana nanyi. Jukwaa la Sera ya Afya la Umoja wa Ulaya, lililo mtandaoni tangu 2016, lina mitandao ya mada inayoandaa tamko la pamoja, na chama kidogo kinaweza kuliunga mkono. Msitie saini kila kinacholetwa, hata hivyo. Mwaka 2015 vyama vya afya vilijitoa kwa pamoja kwenye jukwaa la Tume la pombe na afya, walimokaa meza moja na watengenezaji wa pombe, baada ya Tume kukataa kuandaa mkakati mpya. Waliona kuwapo kwao kunaupa mchakato sura ya ushirikishwaji bila matokeo.

Mashauriano ya umma yakifungwa, muhtasari wa majibu unatakiwa kutoka ndani ya wiki 8. Usomeni mkitafuta hoja yenu. Isipokuwemo, bado lipo Bunge la Ulaya, ambalo tangu 2025 lina kamati kamili ya afya, SANT. Mwandikieni mbunge aliyepewa ripoti ya sheria hiyo na wenzake wa vyama vingine wanaoifuatilia, mkiwapa marekebisho yaliyo tayari: safu ya kushoto maneno ya Tume, ya kulia maneno yenu, na chini yake sababu kwa sentensi mbili. Yawafikie angalau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya marekebisho, maana msaidizi wa mbunge anapokea mamia, na yanayohitaji kuandikwa upya huachwa.