Pikapu haichanganyi, moshi hakuna

SWALI: Shikamoo fundi. Pikapu yangu ya dizeli ya mwaka 1994, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), hubeba mawese kutoka Manyovu hadi Kigoma mjini. Siku hizi nikikanyaga mafuta inachelewa kuchanganya mwendo, milima naipanda kwa gia ya pili. Moshi mweusi sioni. Jirani anasema pampu ya dizeli imekufa. – Msomaji, Mwandiga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pampu iache kwanza, bei yake inachosha kuliko huo mlima.

Hapo kwenye moshi ndipo umenisaidia. Eya klina ikiziba kwa vumbi, dizeli hukosa hewa ya kuungulia na ekzosti ingetoa moshi mweusi. Gari kuishiwa nguvu bila moshi, mara nyingi mafuta hayafiki ya kutosha. Badilisha filta ya dizeli, angalia na mpira unaotoka tangini kama haukubanwa wala haunyonyi hewa.

Kisha zima injini, funua boneti, mtu akanyage eksileta mpaka chini. Mkono wa pampu ufike mwisho wake. Usicheke: niliwahi kushusha nozeli (vinyunyizia dizeli) zote nne za mteja, kumbe kapeti lilikunjamana chini ya pedali. Hela ya ufundi sikuchukua, kwa aibu.

Injini ikipaza sauti na mwendo usiongezeke, hiyo klachi inateleza. Breki nazo huweza kushika zenyewe na kulizuia gari: ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Yenye joto kuliko wenzake, anzia hapo.