Fayawoli ndani ya mashine pepe: yapange haya kabla umeme haujakata

Mafundi wenzangu hapa Kigoma huniuliza sana swali hili: kuna haja gani ya kununua kompyuta nyingine kwa ajili ya fayawoli (mlinzi anayechuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao), wakati seva ya ofisi yenyewe inashinda imekaa bila kazi ya maana? Jibu fupi ni kwamba hakuna haja. Weka pfSense au OPNsense, ambazo ni programu za fayawoli, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) juu ya Proxmox, mfumo unaoendesha mashine pepe, uendelee na mengine. Jibu refu lina masharti, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: mashine mwenyeji, yaani seva yenye Proxmox, isimtegemee mgeni wake, yaani fayawoli iliyo ndani yake.

Nianze na faida ambayo watu wa huku tunaiona haraka kuliko wenzetu wa Dar. Kompyuta za mitumba zinazotufikia, nyingi zina kadi ya mtandao ya Realtek kwenye bodi. pfSense na OPNsense zimejengwa juu ya FreeBSD, na FreeBSD haielewani vizuri na baadhi ya kadi hizo. Linux inaelewana nazo zaidi. Proxmox ni Linux ya ukoo wa Debian, kwa hiyo yeye ndiye anayeishika kadi halisi. Fayawoli inaona kadi ya virtio tu, yaani kadi pepe inayopewa na Proxmox, wala haijui chini yake kuna chapa gani.

Faida hiyo utaithamini zaidi msimu wa mvua. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Mei radi za upande huu wa ziwa hazina mzaha, na poti ya kwanza kuungua huwa ile iliyounganishwa na kebo inayoshuka kutoka kwenye antena ya paani. Kwenye fayawoli ya kawaida hapo kazi inasimama hadi kadi nyingine ije kwa basi kutoka Kariakoo. Kwenye mashine pepe, kama radi imeishia kwenye hiyo poti, unachomeka adapta ya USB, unaingia Proxmox, unabadilisha jina la kadi kwenye daraja la nje (daraja ni swichi pepe inayounganisha kadi halisi na mashine pepe), basi. Sheria zote za fayawoli zinabaki kama zilivyokuwa, maana yeye bado anaiona virtio yake ileile. Adapta ya USB si kitu cha kutegemea mwaka mzima, lakini inakuvusha wiki.

Sasa mpangilio. Unahitaji poti mbili na madaraja mawili: vmbr0 la ndani, vmbr1 la nje. Daraja la nje usilipe anwani yoyote ya IP upande wa Proxmox. Likiwa tupu, pakiti zinazotoka kwa mtoa huduma zinapita moja kwa moja hadi kwenye fayawoli bila kukuta mlango wa kugonga kwa mwenyeji. Hapo ndipo penye usalama wenyewe, na ndipo jibu la wale wanaouliza kama fayawoli ya namna hii ni fayawoli kweli. Hatari ya mtu kupenya kupitia kasoro ya Proxmox yenyewe ipo, hivyo isasishe, na ukurasa wake wa usimamizi, ule wa poti 8006 (hapa poti ni namba ya kuingilia, si tundu la kebo), ufunguke kwa kompyuta yako tu, siyo kwa kila simu iliyoko kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Poti zenyewe zitie alama mapema. Chomeka kebo moja, andika amri ya ip link kwenye Proxmox, uone ni jina gani limepanda kuwa UP, halafu tia doa la rangi ya kucha kwenye poti ya nje na kwenye kichwa cha kebo yake. Nyekundu inaonekana hata kwa tochi ya simu. Kalamu ya maka inafutika na vumbi na jasho; rangi ya kucha haitoki. Ukiongeza kadi nyingine baadaye, jina kama enp3s0 linaweza kugeuka enp4s0, na daraja likabaki linasubiri kadi isiyokuwepo. Angalia hilo kwanza kabla hujamlaumu mtoa huduma.

Twende kwenye umeme, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mwenyeji mpe anwani isiyobadilika upande wa ndani. Asiombe anwani kwa DHCP ya fayawoli (huduma inayogawa anwani), kwa sababu yeye ndiye anayewaka kwanza na fayawoli bado haijaamka. Ni kama kufunga geti huku funguo umeziacha ndani. Laptopu yako nayo iwe na anwani uliyoiweka kwa mkono na unayoijua, ili siku fayawoli imekataa kuwaka uchomeke kebo na kumwona mwenyeji bila kumtegemea mtu.

Kisha ingia kwenye baiosi (mipangilio ya msingi ya kompyuta), uwashe kipengele kinachoiamuru mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Ndani ya Proxmox, mashine pepe haiwaki yenyewe mpaka uiambie. Weka alama ya kuwaka yenyewe, fayawoli iwe namba moja, wengine wafuate baada ya dakika moja au mbili. UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB ni hela halali: unganisha na programu ya NUT, betri ikikaribia kuisha mashine zizimwe taratibu. Ila kuna mtego. Seva ikishazimwa na UPS, umeme ukirudi kabla betri haijaisha kabisa, seva haioni kuwa umeme ulikatika, hivyo inabaki imelala. NUT ina uwezo wa kuiamuru UPS yenyewe ikate na kuwasha tena. Upange, na uujaribu ukiwa hapohapo. Na bandika karatasi juu ya seva, maneno makubwa: umeme ukirudi na baada ya dakika kumi hakuna mtandao, bonyeza kitufe hiki mara moja tu, usishikilie. Mhudumu wa duka atakushukuru, nawe utakuwa Kasulu unakula ugali wako bila simu.

Kama ping (amri ya kupima mawasiliano) inajibu lakini kurasa hazifunguki au zinajivuta, usihangaike na sheria. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya pfSense, zima ile huduma ya kuiachia kadi kazi ya kukagua hesabu za pakiti, kisha uiwashe upya pfSense yenyewe. Virtio na huduma hiyo hawapatani siku zote.

Anwani za ndani zibadilishe siku ya kwanza. pfSense huja na 192.168.1.1, na ruta nyingi za 4G zina hiyohiyo; ndani na nje vikigongana hakuna kitakachopita. Mimi hutumia anwani zinazoanza na 10, zikifuatwa na namba zisizo za kawaida.

Kabla ya kusasisha fayawoli, piga picha ya hali ya mashine (snapshot) ndani ya Proxmox. Mambo yakienda mrama unarudi ulikotoka kwa muda mfupi, jambo ambalo kifaa cha kawaida mara nyingi hakikupi. Lakini picha hiyo inakaa kwenye diski ileile, kwa hiyo faili la mipangilio, ambalo ni moja tu la XML, lichukue kwenye flashi. Wala usisasishe ukiwa mbali kama njia yako ya kuingia inapita ndani ya fayawoli hiyohiyo.

Kumbukumbu ya GB 2 inatosha ofisi ndogo. Kama kuna VPN (njia ya siri ya kuingia ofisini kupitia intaneti), kwenye Proxmox aina ya prosesa ya mashine pepe iwe host, ili fayawoli iuone uwezo wa AES, yaani wa kusimba data kwa haraka, wa prosesa halisi.

Kazi moja huwa naikataa: kuweka fayawoli ndani ya VirtualBox, programu nyingine ya mashine pepe, kwenye Windows anayofanyia kazi mhasibu. Siku Windows ikiamua kujisasisha saa nne asubuhi, ofisi nzima haina mtandao, na mhasibu ndiye atakayezomewa. Bosi akishikilia hivyo, mwambie atafute kwanza kompyuta ya mtumba, hata kuukuu, mradi ina poti mbili.