Shangazi, mkutano wa kuacha pombe nilioenda si wa watu kama mimi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi wa magari, nina miaka 36, nakaa Likoni, Mombasa, na mke na watoto wawili. Pombe nimeanza zamani na sasa nimefika pabaya, asubuhi nisipozimua mikono inatetemeka hadi spana inadondoka. Jamaa mmoja akanipeleka mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha) upande wa kisiwani, kumbe ni ukumbi wa kanisa na mimi ni Muislamu, halafu wengi watu wa ofisi wanaongea Kiingereza tupu, mwisho wakasimama wakaomba dua yao. Nilikaa kimya saa nzima, nikatoka hapo nikapitia mangweni. Sitaki kwenda kinyume na dini yangu na sitaki kufa na pombe. Mkutano wa watu kama mimi nitaupata wapi? Na majirani wakijua je, maana huku kwetu Muislamu akilewa anasemwa mara mbili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mambo ya mikutano naanza na hiyo mikono, maana ndiyo iliyonishtua. Ukitetemeka asubuhi ujue mwili umeshazoea pombe, na mtu wa hivyo akikata ghafla peke yake nyumbani anaweza kupata kifafa au kuchanganyikiwa akaanza kuona vitu visivyokuwepo, hasa zile siku mbili tatu za mwanzo, na wengine hufa kabisa. Kwa hiyo usijifungie chumbani eti unaacha leo. Nenda hospitali, mwambie daktari ukweli unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini, kuna dawa za kukuvusha hapo. Usipojua pa kuanzia piga 1192, ni simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, watakuelekeza. Wale wa kwenye mikutano ni walevi wenzio walioacha, si madaktari.

Sasa mkutano. AA ilianzia Marekani mwaka 1935, mji wa Akron, na walevi wawili, Bill Wilson aliyekuwa mtu wa soko la hisa na Bob Smith aliyekuwa daktari wa upasuaji, wakagundua mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambiana ukweli kiu inapungua. Walikuwa Wakristo ndo maana lugha yake ina harufu ya kanisa, ila sharti la kuingia ni moja tu, uwe unataka kuacha pombe. Hatua zao 12 za kuacha pombe zinasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa yeye, na ukumbi ni wa kukodi tu, kanisa ndilo lenye chumba cha bei nafuu jioni. Wakiomba dua yao wewe kaa kimya au soma yako moyoni, hakuna wa kukulazimisha. Zanzibar kwenye soba hausi, zile nyumba wanazokaa waraibu wanaoacha, vijana wa Kiislamu wanafuata hatua hizo hizo 12, na Iran mikutano ya NA, wale ndugu zao wa dawa za kulevya, imeenea mno. Uislamu wako haukuzuii, mwanangu.

Hilo la Kiingereza ni la kundi lile, kila kundi linajiendesha lenyewe, kwa hiyo usipime AA nzima kwa jioni moja. Uliza kabla ya kwenda: wanaongea lugha gani, saa ngapi (na feri unaijua mwenyewe), na je ni mkutano wa wazi anaoingia yeyote au wa waraibu peke yao. Kwa wewe unayeogopa kusemwa huo wa pili ni bora. Ipo pia ya kwenye simu, unazima kamera na unatumia jina moja tu. Ukishaingia angalia, watu wanasimulia yao au wanakaa kuhubiria wengine? Wapo walioacha miaka mingi, na baada ya kikao wanakuja kukupa namba au kila mtu anakimbilia gari lake? Kiingilio hakuna, kinapitishwa kikapu cha hela ya chai na kodi, ukiwa nayo unatoa. Mtu akidai ada au akikuuzia dawa hapo, ondoka. Na ukisikia habari za mkutano wa jana zinasimuliwa mtaani, kundi hilo silo, hata kama liko mlangoni kwako.

Ila nakuomba usije ukazunguka miezi sita unatafuta mkutano mzuri huku mangweni unapita kila jioni. Rudi kwa wale wale wa ukumbini wakati unatafuta wengine, na ukipewa nafasi ongea Kiswahili, nina hakika nusu ya chumba watashukuru. Akitokea mwingine anayetaka Kiswahili basi mnaweza kuanza chenu, AA wanahesabu hata watu wawili watatu kuwa ni kundi.

Mkeo naye asisahaulike. Kuna Al-Anon, ilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia za walevi, mke wa Bill alikuwa mmoja wa walioianzisha. Anaweza kwenda hata wewe ukigoma, na haendi kujifunza kukulinda, anaenda kupumua na wenzake. Mwambie leo, na siku ya daktari mwende wote maana yeye anakumbuka unavyokunywa kuliko wewe.