Malipo ya Tarehe 1 Julai

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukipewa jasho lako la miaka yote, utalichukua kwa mkupuo au utaomba ulipwe kidogo kidogo? Mimi ningeomba kidogo kidogo. Nitaeleza kwa kisa cha mchezaji wa besiboli ambaye hajashika gongo uwanjani tangu 2001 na bado analipwa, kisha nitamtaja marehemu baba yangu, maana bila yeye kisa hicho kisingenigusa.

Niko Queens, New York, mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee ninayemhudumia alikuwa dereva wa basi, na timu yake ya besiboli ni New York Mets, damu damu. Kila tarehe 1 Julai, kabla hata sijamwekea chai mezani, huniuliza: "Wameshamlipa Bobby?" Mara ya kwanza nilidhani Bobby ni mwanawe. Akaniambia nizime televisheni, nivute kiti, akaanza kunihadithia kwa uchungu kana kwamba fedha zenyewe zinatoka mfukoni mwake.

Bobby Bonilla alizaliwa mwaka 1963 na kukulia Bronx, hapa hapa New York, katika familia yenye asili ya Puerto Rico. Alipomaliza sekondari hakuna timu iliyomchagua. Msaka vipaji mmoja, Syd Thrift, ndiye aliyemwona akicheza kwenye ziara ya vijana huko Ulaya, na Pittsburgh Pirates wakamsajili mwaka 1981. Miaka mitano baadaye alikuwa ameingia ligi kuu, na kufikia 1990 na 1991 yeye na Barry Bonds ndio waliokuwa wakiibeba Pirates. Mwishoni mwa 1991 Mets wakamchukua kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 29. Hakuna mchezaji wa besiboli aliyekuwa na mkataba mnono kuliko huo wakati ule.

Kurudi kwao hakukuwa kutamu. Alirudi mji aliozaliwa akiwa na bei kubwa kichwani, na mwaka 1992 mambo yakamwendea kombo. Mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea mpaka akawa anaingia uwanjani na vizibo masikioni. Mzee wangu alikuwa miongoni mwa wazomeaji. Aliponiambia hivyo aliinamisha uso. Kijana wa Bronx, anacheza nyumbani, anaziba masikio ili asiwasikie watu wa kwao! Mimi hilo limenikaa moyoni kuliko hesabu zote zinazofuata.

Baadaye alipita Baltimore, kisha Florida, na huko mwaka 1997 akatwaa ubingwa. Katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Cleveland, Florida walikuwa nyuma kwa mbili bila; Bonilla akaupiga mpira ukavuka uzio na kuwafungulia njia, na mwisho wakashinda 3 kwa 2. Mets walimrudisha kwa msimu wa 1999, na msimu ule hakuna kilichokwenda sawa. Walitaka kuachana naye, lakini bado walikuwa wanamdai msimu mmoja, au tuseme yeye ndiye aliyekuwa anawadai wao: dola milioni 5.9. Katika besiboli mkataba ukishatiwa saini, timu hulipa hata kama haikutaki tena.

Hapo mwanzoni mwa 2000 ndipo wakala wake, Dennis Gilbert, mtu aliyekuwa pia katika biashara ya bima, alipoweka jambo mezani. Msimlipe sasa, alisema. Kaeni na fedha zenu kwa miaka 11, mziongezee riba ya asilimia 8 kila mwaka, kisha kuanzia tarehe 1 Julai 2011 mumlipe fungu moja kila mwaka kwa miaka 25. Mets wakakubali. Nilikaa na kikokotoo cha simu nikaipiga hesabu ile mwenyewe. Milioni 5.9 zikikaa miaka 11 kwa riba ile zinafika karibu milioni 13.8, bila mtu kuongeza senti. Hizo ndizo zinazokatwa mafungu, huku zilizobaki zikiendelea kuzaa kwa riba ileile. Kila fungu ni dola 1,193,248 na senti 20, na la mwisho litalipwa 2035, Bonilla akiwa na miaka 72. Jumla yake ni kama dola milioni 29.8.

Mzee anauita huo wizi. Watu wengi hapa hucheka kila Julai na kumwita Bonilla mtu anayelipwa kwa kukaa bure. Mimi siafiki. Fedha zile alikuwa amekwisha kuahidiwa kwa maandishi. Alichokubali ni kungoja. Na waliomlipa riba ile hawakuwa wajinga wala wahisani. Fred Wilpon, mmoja wa wamiliki wa Mets, alikuwa ameweka fedha nyingi kwa Bernard Madoff, mtu wa kuwekezea wengine fedha, aliyekuwa akionyesha faida ya zaidi ya asilimia 10 mwaka hadi mwaka. Ukiamini unavuna zaidi ya 10, kulipa 8 hakukuumizi. Desemba 2008 Madoff akakamatwa, ikabainika kwamba faida ile ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Ilipofika Julai 2011, wamiliki wakiwa bado wanahangaika na janga hilo, fungu la kwanza la Bonilla likalipwa kama lilivyoandikwa.

Wapo wachezaji wa besiboli waliozipokea fedha zao zote wakiwa bado vijana. Jack Clark, mpigaji hodari, aliomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika mwaka 1992, katikati ya mkataba wake na Boston, akiwa na magari 18. Mwenzake, mrushaji mpira Curt Schilling, hakununua magari. Aliweka dola milioni 50 zake katika kampuni yake ya michezo ya kompyuta, nayo ikaanguka 2012. Mwaka uliofuata aliuza hata soksi yenye damu aliyoivaa kwenye fainali ya 2004, kwa dola 92,613. Simcheki Schilling. Mtu aliyefika juu kwa kujiamini ataachaje kujiamini siku anapofungua kampuni?

Sasa baba. Alistaafu bandarini Tanga mwaka uleule wa 2000, alikuwa mwendesha winchi. Kiinua mgongo chake alikipata chote kwa siku moja. Ndani ya miaka mitatu hakikubaki kitu, na watu wa mtaani Ngamiani walisema ameoa mke wa pili kwa siri. Alipofariki, mama alinikabidhi daftari alilolikuta chini ya godoro, la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Baba alikuwa amepiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza majina, ya pili shida, ya tatu kiasi, ya nne ameandika juu yake "amerudisha". Shangazi, bati. Jirani, matibabu ya mtoto Muhimbili. Mtoto wa kaka, nauli ya chuo. Rafiki wa bandarini, injini ya boti. Majina 31. Kwenye safu ya nne alama zilikuwa mbili tu.

Hakuwa mlevi wala mpumbavu. Alikuwa mtu asiyeweza kumwambia ndugu "sina" huku akijua anacho. Kila shida iliyoandikwa mle ilikuwa shida ya kweli. Ningekuwa mimi, yule mtoto wa Muhimbili ningemtolea pia. Lakini baba angekuwa anapokea fungu dogo kila mwezi, angetoa sehemu ya fungu, mwezi ungeisha, na mwezi uliofuata lingekuja jingine. Mkupuo ulimwondolea haki ya kusema "ngoja". Hapo ndipo Bonilla anaponivutia. Kwa miaka 11, hata angejiwa na mtu wa namna gani na shida ya namna gani, fungu lile halikuwepo la kukopesha. Angeweza kusema hapana bila kusema uongo.

Nisifiche upande wa pili. Bonilla aliweza kungoja kwa sababu alikuwa ameshiba: katika kazi yake yote alilipwa zaidi ya dola milioni 50, na tangu 2004 anapokea pia dola 500,000 kwa mwaka kutokana na makubaliano mengine ya namna hiyohiyo. Mwendesha winchi hana miaka 11 ya kungojea chochote. Tena fungu la 2035 litakuwa na tarakimu zilezile za 2011, ilhali mkate hautakuwa na bei ileile. Na hiyo ni dola. Baba angepangiwa mwaka 2000 kiasi cha shilingi kisichopanda, leo kingemfikisha wapi? Kwa hiyo nikisema kidogo kidogo, nasema yenye riba iliyoandikwa, kutoka kwa mlipaji asiyeweza kutoroka.

Na jambo moja zaidi. Nyumbani Tanzania wastaafu wamelalamikia kwa miaka kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao yao kati ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi: sehemu ya mkupuo ilishushwa hadi asilimia 33 mwaka 2022, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Nawaelewa, ingawa jibu langu linaegemea upande wa malipo ya kila mwezi. Bonilla aliketi na wakala wake, akapiga hesabu, akachagua mwenyewe. Mstaafu wetu aliletewa hesabu iliyokwisha kupigwa. Mtu akichaguliwa jema bila kuulizwa, atalionaje kuwa ni jema?

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia kutoka Tanga, anataka fedha zote za kumalizia nyumba ya mama kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza nilimwambia hapana, nitatuma kila tarehe moja, kitu kimoja kimoja, mpaka iishe. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi anza na bati, dada. Vuli hiyoo inakuja."