Waya mwekundu sio moto: kwa spana boi wanaoanza kugusa pikipiki za Mwingereza

Juzi nimemkuta kijana wetu mmoja hapa gereji ameshika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, anaizungushia fyuzi ya kioo iliyokatika. Pikipiki yenyewe BSA A65, ya zamani ya Mwingereza. Jana yake mwenzake alinijia na furaha usoni: "Fundi, nimegundua tatizo, kuna mtu alifunga betri kinyume, nimeshaigeuza." Nashukuru alikuwa hajarudisha fyuzi. Siku mbili, makosa mawili, na yote mawili niliwahi kuyafanya mimi, asubuhi moja, kwenye pikipiki moja. Kwa hiyo wadogo zangu, wekeni spana chini kidogo.

1. Kwenye hizi pikipiki chanya ndiyo ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye fremu. Triumph, BSA na Norton za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani hivyo. Halafu mfumo wa rangi wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vyao vya umeme, unampa ethi waya mwekundu. Moto wa betri ni kahawia wenye mstari wa buluu, na moto uliopita kwenye swichi ni mweupe. Ninyi mmekulia kwenye Boxer na TVS, mkiona nyekundu imefungwa kwenye fremu mkono unawasha kurekebisha. Najua unavyowasha.

Nilikuwa na miaka miwili kwenye kazi. Mzee mmoja mstaafu alileta BSA aliyoachiwa na baba yake, akataka abadilishiwe taa ya mbele tu. Nikafungua siti, nikaona nyekundu kwenye fremu, nikamhurumia fundi aliyenitangulia. Nikageuza betri. Sikumuuliza mtu. Niliposhika waya wa mwisho fyuzi ikakatika palepale. Nikaweka nyingine, ikakatika. Hapo pikipiki ilikuwa inaniambia kwa lugha iliyo wazi kabisa, mara mbili, na mimi nikasema fyuzi za siku hizi ni mbovu. Duka la spea lilikuwa limefungwa, nikachukua karatasi ya sigara.

Sikilizeni kilichotokea ndani, maana wakati ule mimi sikukijua. Rektifaya, ile inayogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri, ni milango ya njia moja; ukigeuza betri milango inafunguka. Zena, ile inayozuia volti kuzidi, iliyofungwa kwenye bamba la alumini ili ipoe, nayo ukiigeuzia betri inafunguka moja kwa moja. Kwa hiyo umeme wote wa betri ulikuta njia wazi kwenda fremu, na karatasi haikatiki kama fyuzi. Waya wa kahawia uliyeyuka kuanzia chini ya siti mpaka chini ya tangi, ukayeyusha na jirani zake. Na kabureta ya Amal nilikuwa nimeshaibonyeza mpaka petroli inachuruzika juu ya giaboksi, tayari kupiga kiki. Fundi seremala wa jirani ndiye aliyekuja mbio na ndoo ya mchanga.

Mzee alifika jioni. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye tangi, pale rangi ilipovimba, rangi aliyopaka baba yake kwa brashi, akauliza, "Waya gani ulioanza?" Sikuweza kumjibu. Nilikuwa nimechoma pikipiki ya mtu na sijui nilichochoma. Nyaya zote nilizitengeneza upya kwa pesa yangu, waya mmoja mmoja, kila usiku baada ya kazi, na mfumo wa Lucas niliujulia hapo. Swali lile sijawahi kulisahau.

2. Piga hesabu ya wati kabla ya kununua taa. Alteneta ya Lucas RM21 inatoa kama wati 120, na hizo ni injini ikizunguka kwa kasi. Koili mbili za cheche zinakula kama 40, taa ya nyuma na za saa kama 10. Ukiongeza halojeni ya 60 umeimaliza, na kwenye foleni ya Barabara ya Mandela injini iko sailensa, inazunguka polepole tu, betri ndiyo inayolipa deni. Nina mteja alinunua betri tatu kabla hajakubali kwamba mwizi ni taa. Sasa ana LED ya wati 20 na anaona mbele vizuri kuliko mimi.

3. LED na chaja ya simu, angalia ganda lake. Nyingi ganda ni hasi. Likigusa usukani wa pikipiki yenye ethi ya chanya, hiyo ni shoti. Mteja akitaka vitu vingi vya kisasa, geuza pikipiki nzima iwe ethi ya hasi: toa zena, weka regulata inayokubali ethi ya hasi, badilisha nyaya za koili na za amita, ile saa ya kupima umeme. Alteneta yenyewe haijali, umeme wake unakwenda na kurudi. Ila andika chini ya siti, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako. Mhurumieni huyo mtu.

4. Honda 70 ya volti 6: taa ya wati 25 inavuta zaidi ya ampea 4, hivyo kutu kidogo tu kwenye kiungio inaifanya iwake kama kibatari. Safisha viungio kwanza. Kubadilisha betri peke yake kuwa ya volti 12 utaunguza balbu zinazotumia betri.

5. Msisokote nyaya na kufunika kwa tepu. Bana kwa terminali.

6. Kila ukimaliza, kabla ya fyuzi, weka balbu ya indiketa ya wati 21 mahali pa fyuzi. Kukiwa na shoti balbu itawaka kwa nguvu zake zote na nyaya zitabaki salama, umeme hauwezi kupita zaidi ya ule inaoruhusu.

Ndivyo tulivyofanya juzi. Karatasi nilimnyang'anya yule kijana, nikampa balbu. Ikawaka kali. Nikamwambia atikise nyaya moja moja, taratibu, asiseme neno. Alipofika shingoni, pale usukani unapokata kona, balbu ikazima. Akafunua, akakuta kahawia umechunika mpaka shaba inaonekana. "Ni huu hapa, fundi."